Kukata bima ya mazishi ukiwa na kisukari

Mwenye kisukari akiulizia bima ya mazishi, mara nyingi wakala humpeleka moja kwa moja kwenye ile isiyo na maswali ya afya. Kwa wakala ni kazi nyepesi: fomu fupi, na hakuna anayekataliwa. Kwa mteja ndiyo ghali kuliko zote, na ukifa kwa maradhi ndani ya miaka miwili ya mwanzo kwa kawaida hailipi fidia kamili. Mgonjwa wa aina ya pili anayetumia vidonge, ambaye figo, macho na miguu bado viko salama, hana sababu ya kuanzia huko. Wanaopanga bei za bima hawaogopi sana kisukari chenyewe. Wanaogopa madhara yake, na maswali yao karibu yote yanayatafuta hayo.

Ngazi za bima hizi

Ya juu kabisa hulipa fidia yote tangu siku ya kwanza. Hupimwi damu, unajibu maswali ya ndiyo au hapana. Wanaotumia vidonge huingia hapa kwa urahisi, na kampuni kadhaa huwapokea hata wanaochoma insulini, ingawa nyingine huweka mpaka wa dozi, kwa mfano uniti 50 kwa siku.

Ya kati hulipa kwa kupanda. Mfano wa kawaida: ukifariki mwaka wa kwanza familia inapata asilimia 30 ya fidia, mwaka wa pili asilimia 70, kuanzia wa tatu yote. Wengi wa aina ya kwanza huangukia hapa, pamoja na waliogunduliwa wakiwa vijana, au wenye ganzi ya miguu iliyoandikwa na daktari.

Ya chini ni hiyo isiyo na maswali. Inampokea yeyote aliye ndani ya umri uliowekwa. Kifo cha ajali hulipwa chote tangu mwanzo, lakini kifo cha maradhi ndani ya miaka miwili hurudisha tu ada ulizolipa na nyongeza, mara nyingi asilimia 10. Ngazi hii inamfaa anayesafishwa damu, aliyekatwa mguu au kidole kwa sababu ya sukari, au mwenye kisukari pamoja na moyo kushindwa kufanya kazi. Kwa hao ni msaada wa kweli. Kwa wengine ni hasara.

Piga hesabu uione. Tuseme fidia ni 10,000. Ngazi ya juu inakutoza 100 kwa mwezi, ya chini 160. Ukifariki mwezi wa 20, ngazi ya juu inawapa watu wako 10,000. Ya chini inawarudishia 3,200 ulizolipa na asilimia 10 juu yake, jumla 3,520. Ukiishi miaka mingi, kwenye ngazi ya chini ada zako zinaifikia fidia mwezi wa 63, na kuanzia hapo unalipa zaidi ya kitakachopokelewa. Kwenye ngazi ya juu jambo hilo linatokea mwezi wa 100.

Kuna pia bima za kikundi, za kazini, za chama cha akiba na mikopo au cha kuzikana. Nyingi hazina maswali, na muda wake wa kungoja (kabla fidia kamili haijaanza kulipwa) ni mfupi, miezi mitatu au sita hivi. Kwa mwenye madhara makubwa hii huwa nafuu kuliko ngazi ya chini ya bima binafsi. Angalia mambo matatu: je, kuna kifungu kinachoyatenga magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga? Je, bima inakufa ukistaafu au ukiacha kazi? Na je, ukikosa mchango mmoja muda wa kungoja unaanza upya? Hilo la kustaafu huwakuta watu katika umri ambao bima mpya ni ghali.

Kusanya haya kabla ya kumpigia mtu simu

Chukua kadi ya kliniki na uandike kwenye karatasi moja: mwaka uliogunduliwa na umri wako wakati huo, kwa kuwa fomu nyingine huuliza kama ilikuwa kabla ya miaka 40 au 50, aina ya kisukari, kila dawa na dozi yake, jumla ya uniti za insulini kwa siku, ya usiku na ya chakula pamoja, tarehe ya kila kulazwa na sababu yake, majibu ya karibuni ya figo na macho, uzito na urefu, na kama unavuta sigara au uliacha lini. Sigara na kisukari pamoja hupandisha ada kuliko kimoja kimoja.

Andika pia majibu mawili ya mwisho ya HbA1c, kipimo cha damu cha wastani wa sukari. Fomu nyingi za bima ndogo ya mazishi haziulizi namba hii, lakini fidia ikiwa kubwa kampuni huitaka. Chini ya asilimia 7 (53 kwa vipimo vya mmol/mol) ni nzuri, 8 (64) kwa kawaida haizuii, ila kuanzia 9 (75) milango huanza kufungwa. Kipimo hiki huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo aliyerekebisha dawa wiki mbili zilizopita bado atasomeka vibaya.

Dawa zinahitaji jicho la pekee. Kuna nchi ambako kampuni huvuta kumbukumbu za dawa zako kwa ridhaa uliyosaini ndani ya fomu, na dawa husomwa kama ugonjwa. Gabapentini au pregabalini husomwa kuwa mishipa ya fahamu imeharibika, hata kama ulipewa kwa maumivu ya mgongo. Lisinoprili husomwa kuwa shinikizo la damu, hata kama daktari aliiandika kulinda figo. Metformini husomwa kuwa kisukari, hata kwa mwanamke aliyepewa kwa uvimbe wa vifuko vya mayai au mtu ambaye sukari yake iko juu kidogo tu bila kufika kuwa kisukari. Ikiwa dawa yako ina sababu nyingine, omba barua fupi ya daktari inayoitaja sababu hiyo, uwe nayo kabla hujaulizwa.

Soma swali lilivyoandikwa

Hapa ndipo ngazi yako inapoamuliwa. Swali linaloanza na "umewahi" halina mwisho. Kukatwa kidole miaka 15 iliyopita ni "ndiyo". Swali la "katika miaka miwili iliyopita" lina tarehe, na tarehe hiyo ni mali yako. Ikiwa ulilazwa kwa sukari kushuka hadi kupoteza fahamu miezi 22 iliyopita, kungoja miezi miwili na siku chache kunaweza kukutoa ngazi ya kati na kukupandisha ya juu. Ukiwa huna bima yoyote, pima: miezi miwili ni sawa kungoja, mwaka mzima mara nyingi si sawa, kwa kuwa umri unasogea na ada nao.

Angalia maneno "au" na "pamoja na". "Je, una kisukari pamoja na ugonjwa wa moyo?" Mwenye kisukari peke yake anajibu hapana, na ni jibu la kweli. "Je, una kisukari au ugonjwa wa moyo?" ni swali jingine kabisa. Sukari ya mimba iliyokwisha baada ya kujifungua mara nyingi hutengwa na fomu yenyewe. Itafute kwenye maandishi madogo.

Swali linalowanasa wengi halitaji kisukari: "Je, kuna kipimo au matibabu uliyoshauriwa ambayo hujafanya, au majibu ambayo hayajatoka?" Daktari akikuandikia uchunguzi wa figo leo na ukajaza fomu kesho, jibu ni ndiyo, na kampuni nyingi zitakusimamisha hapo hapo. Fanya kipimo, pata majibu, ndipo ujaze.

Jibu kilichoulizwa, usiongeze simulizi. Usijitafutie ugonjwa pia: miguu inayokufa ganzi ukikalia kiti kigumu si neva zilizoharibika mpaka mtaalamu aseme hivyo. Lakini kikishaandikwa kwenye faili lako, kipo. Na usiahirishe insulini ambayo daktari ameiagiza eti ubaki kwenye kundi la vidonge. Sukari iliyoachwa juu italeta madhara yatakayokushusha ngazi kuliko sindano ingefanya.

Kwa nini fidia hukataliwa

Mikataba mingi huipa kampuni muda, kwa kawaida miaka miwili, wa kuyachunguza upya majibu yako. Kifo kikitokea ndani ya muda huo, wanaomba faili la hospitali na kulilinganisha na fomu. Wakikuta insulini pale ulipoandika hapana, wanaweza kuufuta mkataba na kurudisha ada tu. Mahali pengine wana haki hiyo hata kama aliyefariki aligongwa na gari, kwa hoja kwamba wangejua ukweli wasingempokea kwa bei ile.

Uongo wa mteja si chanzo pekee. Mara nyingi ni wakala anayeuliza kwa haraka, "Huna ugonjwa mkubwa, sivyo?" kisha anatia alama za hapana mstari mzima, nawe unasaini. Sahihi ni yako, kosa linahesabiwa kwako. Kwa hiyo soma kila alama kabla ya kusaini, omba nakala ya fomu iliyojazwa, na kama mahojiano ni ya simu, kumbuka yanarekodiwa: taja kisukari na dawa zako kwa majina. Wakala akikuambia "hilo usiliandike", ondoka. Kamisheni yake inaingia mwezi huu. Tatizo litawafikia watu wako akiwa kashasahau jina lako.

Kutafuta na kulinganisha

Wakala wa kampuni moja ana bidhaa za kampuni moja. Dalali wa bima mwenye kampuni kadhaa anakufaa zaidi, kwa sababu kampuni zinatofautiana sana kuhusu insulini na umri wa kugunduliwa. Hakikisha ana leseni ya mamlaka ya bima. Msomee karatasi yako bila kujaza fomu yoyote, kisha mwulize:

1. Ni kampuni ipi itanipa malipo kamili tangu siku ya kwanza nikiwa na hali hii?
2. Kama hakuna, ipi ina asilimia kubwa zaidi mwaka wa kwanza?
3. Ada haibadiliki maisha yote, au inapanda kila baada ya miaka kadhaa?
4. Bima ni ya maisha yote, au inakoma nikifika umri fulani?

La nne usilipite. Bima inayokoma ukiwa na miaka 80 ina ada tamu, na inaweza kukuacha mikono mitupu hasa wakati ambapo hakuna kampuni itakayokupokea.

Kiasi cha fidia kadiria kwa gharama halisi: kuhifadhi na kusafirisha mwili, jeneza au sanda, kaburi, kuhudumia waombolezaji, na bili ya hospitali inayoweza kubaki. Ongeza kidogo kwa kupanda kwa bei. Hata hivyo fidia ndogo unayoweza kuilipia miaka 20 ni bora kuliko kubwa utakayoiacha mwaka wa tatu.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Wakati mwingine ni kosa la kumbukumbu, na barua ya daktari hulimaliza.

Baada ya kukubaliwa

Mkataba ukifika, usome ndani ya siku za kughairi, ambazo kwa kampuni nyingi ni kati ya 10 na 30. Hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa ni kama kwenye kitambulisho, ngazi ndiyo uliyoahidiwa, na muda wa kungoja unahesabiwa kuanzia lini. Mara nyingi ni siku ada ya kwanza ilipopokelewa, wala si siku uliposaini. Umri ukikosewa, fidia itarekebishwa kulingana na umri wa kweli.

Ada ikichelewa, kwa kawaida una siku 30 hivi za neema. Zikipita, bima inalala. Kuiamsha kunataka maelezo mapya ya afya, na muda wa kuchunguzwa unaanza tena. Mtu mwenye afya anaweza kurudi alipokuwa. Wewe ambaye figo zimeanza kulegea tangu ulipojaza fomu ya kwanza unaweza kukuta ngazi ya juu imefungwa. Weka makato yawe siku moja au mbili baada ya pesa zako kuingia. Ukipata bima bora, usiifute ya zamani mpaka mpya imepita muda wake wa kungoja.

Andika wanufaika wawili, wa kwanza na wa akiba, wote watu wazima, kwa majina ya vitambulisho vyao. Pesa ya mtoto mdogo hukwama mpaka apatikane msimamizi wa kisheria, na mazishi hayangoji. Waambie wanufaika jina la kampuni, namba ya mkataba na mahali ulipouhifadhi. Watahitaji cheti cha kifo au kibali cha mazishi, kitambulisho chako na chao, na fomu ya madai; kifo kikiwa ndani ya miaka miwili ya mwanzo, wategemee pia kuombwa ripoti ya daktari. Katika hali hiyo malipo yanaweza kuchukua wiki au miezi, hivyo wajue mapema watakopa wapi cha kuanzia.