Jinsi ya kuunga tela kwenye kichwa bila kuliangusha

Tela likichomoka kwenye kichwa, yaani lori la mbele linalolivuta, mara nyingi hakuna chuma kilichokatika. Halikuwa limefunga tangu pale lilipoungwa. Dereva alirudi nyuma, akasikia "kla!", akavuta kidogo, tela likafuata, akaondoka. Lakini uzito wa tela ulioilalia sahani (bamba la mgongoni mwa kichwa linalobeba pua ya tela) unaweza kuliburuta hata kama taya za sahani hiyo hazijaishika kingpini, ile pini nene ya chuma iliyo chini ya tela. Ndiyo maana kuna mambo mawili yasiyorukwa hata haraka iwe kubwa kiasi gani: breki ya mkono ya kichwa kabla hujashuka, na tochi chini ya tela kabla hujapandisha miguu yake ya kuegeshea.

Anza na tela

Kabla ya kurudi nyuma, shuka ulizunguke tela. Hakikisha breki yake ya kuegesha imefungwa, kisha weka kabari kwenye magurudumu, mbele na nyuma. Usitegemee kwamba tela halina upepo basi limejishika. Tela lenye breki za springi (springi huzifunga upepo ukiisha) litashika, lakini tela la zamani lisilo nazo hushikwa na upepo uliobaki kwenye tenki lake, na upepo huo ukivuja kidogo kidogo magurudumu huachia.

Tazama miguu ya tela. Kwenye udongo laini inatakiwa ikae juu ya ubao mnene au bamba la chuma. Mguu mmoja ukizama, tela litainama upande na kingpini haitaingia sawa. Tazama pia mzigo umekaaje na milango imefungwa, kwa sababu kichwa kikiingia chini ya tela kuna kishindo.

Kingpini yenyewe ishike kwa mkono uliovaa glovu. Iliyo ya kawaida ina kipenyo cha milimita 50.8, yaani inchi 2, kwenye shingo yake. Ipo pia ya inchi 3.5, na hiyo inahitaji sahani ya saizi yake. Ukiona imeinama, ina ufa, au shingo imelika kiasi cha kuonekana kwa macho, tela halivutwi mpaka fundi aipime. Kingpini iliyolika hucheza ndani ya taya, na mchezo huo huzila taya nazo.

Sahani ya kichwa

Futa grisi ya zamani. Ikishachanganyika na mchanga inasaga chuma kama msasa. Paka mpya juu ya sahani na kwenye taya. Taya ziwe wazi kabisa, mkono wa kufungulia uwe umevutwa nje, na sahani iwe imeinama kuelekea nyuma. Kama sahani ni ile ya kusogezwa mbele na nyuma, pini zake za kufungia ziwe zimeingia.

Sasa kimo, jambo linaloharibu kazi kuliko yote. Bamba la chini la tela linatakiwa liwe chini kidogo ya usawa wa juu wa sahani, kama sentimita 2 hadi 5, ili kichwa kikiingia kilinyanyue tela kidogo. Tela likiwa chini mno, kichwa kitaligonga puani badala ya kuingia chini yake. Likiwa juu mno, kuna hatari mbili. Kingpini inaweza kukalia taya bila kuzama ndani, ikaonekana imeungwa. Au inaweza kupita juu ya sahani nzima ikaangukia upande wa mbele, na pua ya tela ikaja kuipiga kabini kwa nyuma. Rekebisha kimo kwa kuzungusha mpini wa miguu ya tela, au kwa kushusha na kupandisha kichwa kama kina mabaluni ya upepo badala ya springi za chuma. Usikadirie ukiwa umekaa kwenye usukani. Simamisha kichwa kabla hakijagusa, vuta breki ya mkono, shuka ukainame utazame.

Kurudi nyuma

Kichwa na tela viwe kwenye mstari mmoja. Ukiingia kwa pembe utalisukuma tela upande, na miguu yake haikutengenezwa kuhimili hilo. Tumia saitimira zote mbili, mwendo wa polepole. Asiwepo mtu kati ya kichwa na tela. Utingo anayeongoza asimame pembeni unapomwona, na ukimpoteza kwenye kioo, simama.

Kichwa chenye mabaluni kishushe kwanza, ingia chini ya tela mpaka kingpini iwe kama sentimita 30 kutoka kwenye taya, kisha kipandishe hadi sahani ibebe bamba la tela. Hapo malizia kurudi. Hii inapunguza sana uwezekano wa kingpini kupita juu.

Ukisikia taya zimegonga, weka gia ndogo ya mbele huku tela bado limefungwa breki, uvute taratibu mpaka uhisi kichwa kimezuiwa. Achia, rudia mara ya pili. Usivute kwa fujo, kwani kinachotafutwa ni kuona kama tela linakushika, na si kuliondoa mahali pake. Baada ya hapo: breki ya mkono, zima injini, ufunguo mfukoni.

Tochi

Kuvuta peke yake hakutoshi. Ingia pembeni ya sahani na tochi, utazame vitu vitatu.

Cha kwanza, bamba la tela limelala juu ya sahani bila mwanya. Mwanga ukipenya kati yao, kingpini iko juu ya taya. Cha pili, ukimulika kupitia nyuma ya sahani, uone taya zimezunguka shingo ya kingpini. Ukiona zimefunga mbele yake, au zimeshika kichwa cha chini cha kingpini badala ya shingo, hazijafunga. Cha tatu, mkono wa kufungulia umerudi ndani kabisa na klipu yake ya usalama imeingia mahali pake.

Mkono usiporudi, usiupige nyundo. Mkono uliobaki nje unakuambia taya hazijafika mwisho. Fungua, songa mbele, sahihisha kimo, rudi tena.

Mipira ya upepo

Hapa ndipo watu wanapobanwa na magari yao wenyewe, kwa hiyo elewa kinachotokea. Kabla mipira haijaungwa, tela linashikwa na breki zake. Kama hukuvuta breki ya mkono ya kichwa, tela ndilo linalokishika kichwa pia. Ukichomeka mpira mwekundu, na breki ya kuegesha ya tela haikufungwa, upepo unaingia na breki za tela zinaachia. Tani zote zinaanza kutembea na wewe umesimama katikati. Kwa hiyo thibitisha breki zote mbili kabla hujagusa mpira. Na gari likianza kuondoka, usilikimbilie kupanda kwenye usukani. Toka njiani upesi, upige kelele.

Mwekundu unapeleka upepo kwenye matenki ya tela. Mwingine, wa njano katika nchi nyingi na wa buluu Amerika Kaskazini, unapeleka amri ya breki unapokanyaga pedali. Baadhi ya vichwa vya mipira vimeumbwa visiweze kubadilishana, vingine vinafanana kabisa. Ukivipishanisha, tela lenye breki za springi halitaachia, nawe utajua. La zamani lisilo nazo linaweza kukufuata barabarani bila breki hata moja.

Kabla ya kuunga, angalia raba za viunganishi. Iliyopasuka huvuja, yenye mchanga pia huvuja. Kisha waya za umeme: plagi iingie mpaka mwisho na kifuniko kiishike. Hakikisha volti za tela na kichwa zinalingana, maana yapo ya 12 na ya 24. Waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki) mara nyingi una soketi yake peke yake, nao husahaulika. Mipira na waya viwe na ulegevu wa kutosha kwenye kona bila kuburuzika juu ya chesisi.

Miguu

Ni sasa tu miguu inapanda. Ukiipandisha kabla ya tochi na taya hazijashika, tela litapiga magoti ukisogea, na kulinyanyua likiwa na mzigo ni kazi ya winchi. Anza na gia nzito ya mpini, ile ya nguvu inayopandisha polepole, mpaka nyayo ziachane na ardhi, kisha badilisha kwenye gia nyepesi, ile ya haraka. Pandisha hadi mwisho. Mguu ulioachwa nusu utakwama kwenye reli au tuta. Mpini ukunjwe na kuning'inizwa kwenye kishikio chake, la sivyo utazunguka wenyewe au kumpiga mtu pembeni.

Kabla ya barabara

Washa injini, subiri geji za upepo zifike kwenye kiwango cha kawaida, karibu bar 7 au psi 100 na zaidi. Zima injini, achia breki ya kuegesha ya tela huku ya kichwa ikiwa imefungwa na kabari zingali mahali pake, kanyaga pedali kwa nguvu dakika nzima. Sindano ikishuka zaidi ya psi 4, kuna uvujaji. Sikiliza kwenye viunganishi kwanza, kwani ndivyo ulivyovigusa mwisho. Kagua taa za breki, indiketa, taa za nyuma na za rivasi, mwenzako akiwa nyuma kukuambia. Ondoa kabari, songa mita chache, ujaribu breki ya tela kwa mwendo mdogo.

Ukisimama njiani na gari likabaki bila mtu, hata kwa muda wa chai, pita tena kwenye mkono wa sahani na klipu yake, na mipira miwili, kabla hujaingia kabini. Mtu mmoja akivuta mkono huo, kazi yote ya juu haipo tena.