Dogo, mtihani kesho? Lala bana

Hii naiona sana huku Ngamiani, Tanga, dogo wa fomu foo ana pepa asubuhi basi anakesha na notsi mpaka adhana ya alfajiri, kahawa pembeni, akifika kwenye chumba cha mtihani kichwa cheupe. Sio uchawi jamani. Ulichosoma mchana kinashikwa kwanza na sehemu ya ubongo inaitwa hipokampasi, ukishapata usingizi mzito ndo ubongo unakirudiarudia na kukihamishia sehemu za kutunza muda mrefu, sasa usipolala hiyo kazi ifanyike saa ngapi? Na kesho yake hipokampasi iliyochoka haipokei vipya vizuri, umepigwa kotekote.

Fanya hivi, soma mpaka saa tatu usiku, jiulize maswali bila kuchungulia daftari, zima data, tatu na nusu uko kitandani, amka kumi na moja na nusu upitie ukiwa freshi. Miaka 13 mpaka 18 mwili unataka masaa 8 hadi 10, sie wakubwa angalau 7. Kahawa mwisho mchana, maana masaa kama matano baadae karibu nusu yake bado iko mwilini (wazee wa barazani najua mtabisha, bisheni tu).

Na nyie kaka zangu wa bodaboda mnaounganisha usiku na mchana, ukikaa macho masaa 17 mfululizo akili inachelewa kama ya mtu aliyekunywa pombe kidogo, abiria wa Raskazone mwachie mwenzio ukalale.