Redio ya gari inakata, inasahau stesheni au inapiga mluzi: pima hivi kabla hujanunua nyingine

Redio nyingi zinazotupwa ni nzima. Kilichoharibika ni waya wa umeme, eathi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) au antena, na redio mpya ikifungwa kwenye nyaya zilezile itaugua ugonjwa uleule. Somo hili ni la gari la volti 12 lililofungwa redio ya dukani badala ya ile iliyokuja nayo. Andaa mita inayosoma volti DC, volti AC na omu, msasa, waya wa mita mbili, betri moja ndogo ya saa ya ukutani (volti 1.5) na fyuzi za akiba za ampea 10 na 15.

Hatua ya 1: Betri na fyuzi

Injini ikiwa imezimwa muda, betri nzima husoma volti 12.4 hadi 12.7. Injini ikinguruma, 13.8 hadi 14.4. Ikisoma chini ya 13 injini ikiwaka, shida iko kwenye chaji, redio iache kwanza. Kagua fyuzi mbili: ya kwenye kisanduku cha gari na ile ndogo iliyochomekwa mgongoni mwa redio. Usiiamini kwa macho, ipime kwa mita. Ikiungua tena baada ya kubadilishwa, usiweke kubwa zaidi wala usizibe kwa waya. Kuna mahali waya umechubuka na unagusa bodi, utafute.

Hatua ya 2: Waya tatu za uhai

Vuta redio itoke kwenye dashibodi, ila acha plagi yake imechomekwa. Kwenye redio za dukani waya wa njano ni umeme wa kudumu, mwekundu ni umeme wa ufunguo, mweusi ni eathi. Njano lazima usome volti za betri hata ufunguo ukiwa mfukoni. Mwekundu usome sifuri ufunguo ukitolewa, na volti 12 ukifungua hatua ya kwanza. Redio inayosahau saa na stesheni kila ukizima gari, karibu kila mara njano na mwekundu vimebadilishana au vyote viwili vimefungwa kwenye umeme wa ufunguo.

Hapa kuna mtego unaoua redio nyingi. Toyota nyingi zina rangi zao: umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, umeme wa ufunguo ni kijivu, eathi ni kahawia. Lakini kwenye redio ya dukani kijivu ni spika ya mbele kulia. Ukiunga kijivu kwa kijivu, unapeleka volti 12 moja kwa moja kwenye mdomo wa amplifaya ya ndani, na inaungua hapohapo. Usiunge kwa rangi. Pima kila waya wa gari ndipo uunge, na ungio lilehemiwe kwa solda. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu huachia kwa joto na mtikisiko, ndiyo maana redio hukata kwenye matuta.

Hatua ya 3: Eathi

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka. Washa redio kwa sauti kubwa. Weka mita kwenye volti DC, ncha moja kwenye hasi ya betri (tumia ule waya wa mita mbili kuifikia), nyingine kwenye kasha la chuma la redio. Chini ya volti 0.1 ni safi. Ikifika 0.3 na kuendelea, umeme unapata taabu kurudi, na hapo ndipo redio hujizima mdundo ukipiga. Tafuta bolti iliyoshika chuma cha bodi nyuma ya dashibodi, kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza kichwa cha waya, kisha pima tena. Skrubu iliyoingia kwenye plastiki au kwenye chuma chenye rangi si eathi.

Hatua ya 4: Spika

Chomoa plagi ya redio kwanza, halafu pima omu kwenye jozi ya kila spika. Spika ya omu 4 husoma kama 3.2 hadi 3.8. Sifuri ni shoti, mita isiposogea koili imekatika au waya umekatika kwenye mpira wa mlango. Kisha pima kila waya wa spika dhidi ya bodi: isisome kitu. Redio za kisasa hazitaki hasi ya spika iguse bodi hata kidogo, ikigusa redio hujilinda kwa kukata sauti, au IC yake (chipu inayokuza sauti) huungua. Kwa uelekeo, gusisha ile betri ya 1.5: chanya kwa chanya, karatasi ya spika itoke nje. Spika moja ikiwa imegeuzwa, besi hupotea ingawa zote zinalia.

Hatua ya 5: Mluzi unaopanda na injini

Mluzi ukipanda kadiri unavyokanyaga mafuta, unatoka kwenye altaneta (mashine inayochaji betri). Weka mita kwenye volti AC, pima vichwa vya betri injini ikiwaka. Chini ya 0.1 ni kawaida, ikizidi 0.5 kuna dayodi ya altaneta iliyokufa na hakuna kichujio cha kelele kitakachokuokoa. (Mita za bei rahisi zikiwekwa AC husoma kama 26 hata injini ikiwa imezimwa. Hiyo haifai kwa kipimo hiki.) Altaneta ikiwa safi, rudi kwenye eathi.

Sauti ya tiki-tiki inayofuata mwendo wa injini ni ya moto wa plagi za injini. Hakikisha plagi hizo zina kizuizi ndani, kwa NGK na Denso mara nyingi kinaonyeshwa kwa herufi R kwenye namba.

Hatua ya 6: Antena

Chomoa chaja ya simu, zima taa za LED. FM ikisafika, umempata mkosaji. Ikiwa antena ya gari iko kwenye kioo cha nyuma, ina kikuza mawimbi kinachohitaji volti 12 kupitia waya wa bluu wa redio. Mafundi wengi huuacha ukining'inia, na mwenye gari analalamika kuwa redio mpya haishiki.

MASWALI

Swali: Wakuu, gari langu ni la Japani na redio inaishia 90. Nikiweka kigeuza masafa nitapata stesheni zote?

Jibu: Si zote, mkuu. Redio za Japani za zamani husoma MHz 76 hadi 90, mpya zake hadi 95, na huku tunatangaza 87.5 hadi 108. Kigeuza cha MHz 12 hushusha 100.0 ukaisikia 88.0, lakini 102 hadi 108 zinabaki nje. Kipe umeme wa ufunguo na eathi nzuri, la sivyo kitaleta kelele.

Swali: Nina amplifaya kwenye buti. Mluzi upo hata sauti ikiwa sifuri.

Jibu: Funga waya mtupu kwenye chuma cha nje cha plagi ya RCA (waya unaopeleka sauti kwenye amplifaya) nyuma ya redio, gusisha kasha la redio. Mluzi ukikatika, njia ndogo ya eathi ya RCA ndani ya redio imeungua, na waya huo unaweza kubaki hapo. Usipokatika, fupisha eathi ya amplifaya isizidi nusu mita, kisha pitisha waya mkubwa wa umeme upande mmoja wa gari na RCA upande wa pili.

Swali: Redio imeandikwa wati 50 mara 4, mbona spika hazitikisiki?

Jibu: Kwa volti 14.4 na spika ya omu 4, sauti safi haizidi wati 26 hivi kwa kila spika. Hiyo 50 hupatikana pale mawimbi yanapokuwa yamekatwa vichwa, yaani sauti imeshakwaruza, na ndiyo inayochoma tuita (spika ndogo za sauti nyembamba).

Swali: Coaster yetu ni volti 24. Fundi amechukua 12 kwenye betri moja, kuna ubaya?

Jibu: Upo, kaka. Betri hiyo inatoa zaidi lakini inachajiwa sawa na mwenzake. Moja itabaki na njaa, nyingine itachemka maji. Funga kishusha volti 24 hadi 12 cha ampea 10 au 15, weka fyuzi upande wa kuingia, na kikae mbali na waya wa antena. Kiwe na tundu la umeme wa kudumu kwa ajili ya waya wa njano.

Swali: Gari likilala siku mbili haliwaki. Redio inaweza kuwa sababu?

Jibu: Inaweza. Toa hasi ya betri, weka mita ya ampea 10 kati ya kichwa na waya, funga milango, subiri nusu saa. Isizidi ampea 0.05. Ikisoma 0.5, kwa siku inakula ampea-saa 12, na betri ya ampea-saa 45 itapungua zaidi ya nusu ndani ya siku mbili. Chomoa fyuzi ya redio uone kama inashuka. Usipige stata mita ikiwa hapo. Na kabla hujatoa betri, hakikisha redio si ya aina inayodai msimbo au kadi ya ramani ikikosa umeme. Kadi hiyo isitolewe ndani ya redio.