Zahanati kwenye WhatsApp: anza na laini ya kituo

Kosa linalotangulia yote ni kutumia simu ya muuguzi. Akihamishwa, namba inaondoka naye, na akina mama wa Makorora, hapa Tanga, waliozoea kumuuliza wanabaki hawana pa kuuliza. Nunueni laini ya kituo, iwekwe kwenye simu isiyotoka zahanati, mfungue WhatsApp Business. Ni bure, na ina jibu la papo kwa anayeandika usiku. Jibu hilo litaje saa za kazi na namba ya bure ya Wizara ya Afya, 199, na liseme wazi kuwa mgonjwa aliyezidiwa asisubiri simu, akimbizwe hospitali.

Sasa, kundi au orodha ya matangazo? Kwenye kundi kila mtu anaona namba ya mwenzake. Kwa siku za kupima watoto uzito haina neno. Kwa uzazi wa mpango au dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hapana kabisa: mtaa kama Ngamiani watu wanajuana hadi mashemeji. Tumieni orodha ya matangazo, ambayo humfikia kila mmoja peke yake. Orodha moja hubeba watu 256. Ila ina mtego: asiyehifadhi namba yenu hapati kitu, na ninyi mtaona tiki moja tu mkidhani kazima simu. Basi namba ihifadhiwe palepale, mama akiwa bado dirishani na kadi yake. Mwombeni ruhusa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai hivyo. Tena simu nyingi hushikwa na mke na mume, kwa hiyo ujumbe usitaje dawa wala ugonjwa. “Tarehe yako ni Jumatano” inatosha.

Ujumbe wenyewe uwe wa sauti, sekunde 40, jambo moja. Wakati wa kipindupindu, semeni: pakiti moja ya ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini), lita moja ya maji safi na salama, inywewe ndani ya saa 24, itakayobaki imwagwe. Ambatanisheni picha ya chupa ya lita moja, maana wengi hukisia kwa jagi. Maji yakipungua, chumvi inazidi na mtoto anaumia. Wavuvi wa soko la samaki la Deep Sea watumieni asubuhi wakishashusha samaki, si usiku wakiwa baharini.

Uvumi ukija, kwamba chanjo ya HPV inafunga kizazi, msiurudishe kundini na alama nyekundu ya X juu yake. Watu huisoma picha, alama hawaioni, na uvumi unasafiri kwa jina lenu. Jibuni kwa sauti ya muuguzi wanayemfahamu: inakinga saratani ya mlango wa kizazi, hupewa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Kila Ijumaa hesabuni maswali yasiyojibiwa. Lililoulizwa mara tatu ndilo la kurekodiwa Jumatatu.