Jinsi ya kugombea uongozi katika serikali ya wanafunzi: kuanzia fomu hadi matokeo

Kila uchaguzi wa wanafunzi una wagombea wanaoshindwa kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Baadhi yao ndio hao ambao darasa zima lilikuwa likiwasihi wagombee. Wanaangukia kwenye fomu: mdhamini mmoja kasaini fomu mbili, uthibitisho wa usajili haukuambatanishwa, au bahasha imefika dakika chache baada ya dirisha kufungwa. Niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya uchaguzi nilipokuwa chuoni, na hakuna kilichoniuma kama kumrudisha mtu ambaye ningempa kura yangu bila kusita. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye fomu kuliko kwenye mabango.

Vyama vya wanafunzi huitwa majina tofauti: umoja, baraza, serikali ya wanafunzi. Vyeo navyo hutofautiana. Njia ya kugombea, hata hivyo, hufanana sana popote uendapo.

Hatua ya kwanza: soma katiba na kanuni za uchaguzi

Wengi husoma tangazo la uchaguzi peke yake. Tangazo linakupa tarehe tu. Anayestahili kugombea ametajwa kwenye katiba ya umoja, na namna uchaguzi utakavyoendeshwa imo kwenye kanuni za uchaguzi, ambazo mara nyingi ni waraka tofauti. Omba vyote viwili kwa katibu wa umoja au katika ofisi ya mlezi wa wanafunzi, na hakikisha ni toleo linalotumika sasa, kwa sababu nakala za zamani huendelea kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp miaka mingi baada ya kufanyiwa marekebisho.

Unaposoma, tafuta majibu ya maswali haya: lazima uwe mwaka wa ngapi? Kuna kiwango cha chini cha ufaulu? Mwenye deni la ada anaruhusiwa? Aliyewahi kupewa adhabu ya nidhamu je? Kiongozi aliyeko madarakani anapaswa kujiuzulu kabla ya kuchukua fomu? Halafu kuna swali ambalo watu hulisahau: wewe mwenyewe utakuwa chuoni kwa muda wote wa uongozi? Kama ratiba yako inakupeleka kwenye mafunzo kwa vitendo nje ya chuo kwa semista nzima, au unamaliza masomo katikati ya kipindi, kamati inaweza kukuondoa kwa hilo tu. Hata kama haikukuondoa, utakuwa umewaomba watu kazi ambayo hutakuwepo kuifanya.

Angalia pia kama sheria ya nchi ina neno. Nchini Uingereza, Sheria ya Elimu ya mwaka 1994 inataka nafasi kuu za umoja wa wanafunzi zijazwe kwa kura ya siri ambayo wanachama wote wana haki ya kuipiga, na inaweka ukomo wa miaka 2 kwa jumla kwa anayeshika nafasi ya kuchaguliwa yenye malipo. Kenya nayo ilifanya marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu mwaka 2016, yakaleta utaratibu wa wanafunzi kuchagua wajumbe, kisha wajumbe hao wakachagua baraza. Tofauti hii inagusa kampeni yako moja kwa moja. Pale ambapo wajumbe ndio wanaochagua, utamaliza nguvu zako zote kuzunguka mabweni ilhali wenye kura ni watu wachache wanaoweza kukaa ukumbi mmoja.

Hatua ya pili: chagua nafasi kwa kuangalia kazi yake

Kwenye katiba, kila cheo kina majukumu yake. Mweka hazina anasaini malipo na kutoa hesabu. Mwakilishi wa kitivo anakaa kwenye vikao vya taaluma. Mwenyekiti au rais mara nyingi ndiye sauti ya wanafunzi kwenye vikao vya juu vya chuo. Mtafute aliyeshika nafasi hiyo mwaka uliopita, umwombe akueleze wiki yake ilivyokuwa. Nusu saa ya mazungumzo hayo itakufundisha mengi ambayo katiba haiyasemi.

Hatua ya tatu: fomu

Chukua fomu siku ya kwanza dirisha linapofunguliwa. Ukiichukua mapema unapata muda wa kurekebisha makosa, na makosa yatakuwepo tu.

Toa nakala, ujaze nakala kwanza. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye rejesta ya chuo, herufi kwa herufi. Kama wenzako wanakujua kwa jina jingine, uliza kamati kama karatasi ya kura inaruhusu jina la utani au jina fupi, na utaratibu wake ni upi, kwa maana mpiga kura anayekutafuta kwa jina asilolijua anaweza kukuruka. Namba ya usajili iandike ukiwa unaitazama kwenye kitambulisho. Kuikumbuka kwa kichwa ndiko kunakoleta tarakimu zilizopinduka.

Viambatisho vya kawaida ni nakala ya kitambulisho cha mwanafunzi, uthibitisho wa usajili wa semista, picha ndogo, matokeo ya mitihani pale panapohitajika ufaulu fulani, na wakati mwingine barua ya mkuu wa idara. Hiyo barua ya idara iombe kabla ya kitu kingine chochote. Wakuu wa idara husafiri, wana vikao, na muhuri hauwezi kugongwa na mtu asiyekuwepo.

Sasa wadhamini. Hapa ndipo fomu nyingi hufia, kwa hiyo naomba usome polepole.

Kanuni hutaja idadi ya wanafunzi wanaopaswa kukudhamini kwa saini zao, na mara nyingi hutaka watoke vitivo au mabweni mbalimbali. Kama kanuni hazikatazi, kusanya zaidi ya idadi hiyo. Ikitakiwa 20, tafuta 30. Kamati itakapohakiki, jina moja litakutwa halijasajiliwa semista hii, jingine namba yake haisomeki, la tatu limemdhamini pia mpinzani wako. Sehemu nyingi hukataza mtu mmoja kudhamini wagombea wawili wa nafasi ile ile, na likitokea hilo, saini hufutwa pande zote mbili. Muulize kila mdhamini waziwazi, "Umeshamsainia mwingine?" Halafu omba akuonyeshe kitambulisho, uandike namba akiwa mbele yako.

Usiiache fomu kwa rafiki akukusanyie saini bwenini usiku. Najua inarahisisha kazi. Lakini hutajua nani kasaini na nani kasainiwa, na saini moja ya kughushi ni kosa la nidhamu linaloweza kukufuata hata baada ya uchaguzi kusahauliwa. Isitoshe, unapozunguka mwenyewe unapata jambo ambalo kampeni haitakupa baadaye: watu 30 waliokutana nawe ana kwa ana kabla hujawa bango ukutani.

Hatua ya nne: kurudisha fomu

Soma muda wa mwisho mara mbili, kisha uulize. Nyaraka nyingi za chuo huandikwa kwa Kiingereza, nasi tunazisoma kwa saa zetu. Tangazo likisema "10:00", hiyo ni saa nne asubuhi. Anayeisoma kama saa kumi jioni atafika mlango umefungwa zamani. Usione aibu kumuuliza katibu wa kamati, "Ni saa nne asubuhi au saa kumi jioni?" na ukiweza, muulize kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi.

Kabla ya kukabidhi, piga picha kila ukurasa. Unapokabidhi, omba hati ya kupokelewa yenye tarehe, saa na saini ya aliyepokea. Kama fomu inapakiwa kwenye mtandao wa chuo, ipakie siku moja kabla, subiri ujumbe wa uthibitisho, na uhifadhi picha ya skrini. Saa ya mwisho mfumo huelemewa, na kamati chache tu hukubali kisingizio cha intaneti.

Hatua ya tano: uhakiki na pingamizi

Baada ya dirisha kufungwa, kamati huhakiki fomu na kubandika orodha ya walioteuliwa. Kuanzia hapo huwa kuna muda mfupi wa pingamizi, pengine siku moja au mbili. Kaa karibu na simu yako na ubao wa matangazo.

Ukiwekewa pingamizi, usijibu kwa hasira wala usikimbilie kwenye makundi ya mtandaoni kutafuta huruma. Omba nakala ya pingamizi, tafuta kifungu kilichotajwa, kisome chote hadi mwisho, kisha jibu kwa maandishi: kifungu kinasema hivi, uthibitisho wangu ni huu, naambatanisha. Ukurasa mmoja unatosha. Nimeona mgombea akirudishwa kwenye orodha kwa barua ya mistari saba, kwa sababu aliambatanisha stakabadhi ambayo ofisi ilikuwa imeipoteza. Zile picha ulizopiga kabla ya kukabidhi ndizo zitakazokusaidia siku hiyo.

Hatua ya sita: ilani

Kamati nyingi huweka ukomo wa maneno. Hata pasipo na ukomo, ukurasa mmoja unatosha. Andika mambo matatu, na kwa kila moja ueleze litaamuliwa kwenye kikao gani na wewe utakaa upande gani wa meza. Umoja wa wanafunzi una uwezo juu ya bajeti yake, vilabu, na shughuli zake. Juu ya ada, mitaala na maktaba una sauti tu, na sauti hiyo ina uzito pale kiongozi anapoingia kikaoni na takwimu alizokusanya kwa wanafunzi. Ukiahidi kupunguza ada, unaahidi kilicho mfukoni mwa mwingine. Ahidi kupeleka hoja ya ratiba ya malipo kwa awamu kwenye kikao husika, na kutangaza majibu yake. Hilo unaliweza.

Hatua ya saba: kampeni

Zingatia tarehe ya kuanza na ya kuacha. Katika vyuo vingi, kuomba kura kabla ya muda ni kosa hata kama ni kwenye status ya WhatsApp tu, na marafiki zako wakifanya hivyo kwa niaba yako unaweza kuwajibishwa wewe. Waambie mapema. Mabango yawekwe sehemu zilizoruhusiwa. Tunza risiti ya kila kitu, hata gundi. Usigawe fedha, chakula wala zawadi yoyote. Bango lako likichanwa, piga picha, peleka taarifa kwa kamati, bandika jingine.

Jua namna kura zinavyohesabiwa, maana ndiyo inayokuonyesha pa kuelekeza nguvu. Kwa mfumo wa wingi wa kura, anayeongoza ndiye mshindi. Pale wapiga kura wanapopanga wagombea kwa kipaumbele, zungumza hata na wale walioshaamua kumpa mwingine kura ya kwanza, kwa sababu wanaweza kukuweka wa pili, na kura ya pili inaweza kuamua. Vyama vingi vya wanafunzi Uingereza huongeza kwenye karatasi chaguo la kufungua upya uteuzi; likishinda, wagombea wote wamekataliwa. Kwa utaratibu kama huo, hata aliyebaki peke yake hana budi kuomba kura.

Siku ya kura na baada yake

Hakikisha jina lako limo kwenye daftari la wapiga kura. Kura zikipigwa mtandaoni, wakumbushe wafuasi wako siku mbili kabla wajaribu nywila za barua pepe zao za chuo. Wengi hugundua wamezisahau dakika za mwisho. Usishike simu ya mtu "umsaidie" kupiga kura, hata akikuomba. Hiyo ni kura iliyoharibiwa siri yake, na ni sababu tosha ya kukuengua.

Andikisha wakala wako kwa barua ndani ya muda uliowekwa. Mwambie aangalie masanduku yakiwa matupu kabla ya kufungwa, anakili namba za lakiri, na asisaini fomu ya matokeo kabla ya kulinganisha idadi ya kura na idadi ya waliopiga. Akiwa na shaka, aandike shaka hiyo kwenye fomu yenyewe. Malalamiko ya mdomo yaliyotolewa kesho yake hayana pa kushika.

Rufaa ina muda wake pia, na huhesabiwa tangu matokeo yanapotangazwa. Ukikata rufaa, onyesha kanuni iliyovunjwa na namna uvunjaji huo ungeweza kubadili matokeo. Tofauti ya kura 400 haibatilishwi kwa bango moja lililochanwa.

Ushinde au ushindwe, panapotakiwa ripoti ya matumizi ya kampeni, iwasilishe pamoja na risiti. Kuna mahali mshindi huvuliwa ushindi kwa kutoiwasilisha, na aliyeshindwa huzuiwa kugombea tena. Ukishinda, kabla ya kuapishwa omba makabidhiano ya maandishi: salio la akaunti, mikataba iliyo hai, madeni, na kumbukumbu za vikao vya mwaka mzima. Usisaini kupokea kitu ambacho hujakiona.