Sindano ya kujenga mifupa (teriparatidi): jinsi ya kujichoma na kutunza kalamu kwenye joto la Dodoma

Naulizwa yaleyale kila wiki, naandika mara moja. Hii ni kwa aliyekwisha kuandikiwa na daktari teriparatidi ya kalamu, mikrogramu 20 kwa siku. Kalamu zinatofautiana kidogo, karatasi ya ndani ya boksi isomwe.

1. Nawa mikono.

2. Tazama dawa. Iwe angavu kama maji. Ikiwa na ukungu au chembe, usichome.

3. Funga sindano mpya. Ya jana usirudie.

4. Vuta kitufe mpaka kigote. Kikigoma, dawa iliyobaki haitoshi dozi, fungua kalamu nyingine. Usinyonye mabaki kwa bomba la sindano.

5. Choma paja au tumbo, ukibadili upande. Bonyeza mpaka mwisho, hesabu taratibu hadi 5, ndipo uchomoe. Siku za mwanzo choma ukiwa umekaa, maana presha huweza kushuka ukisimama ghafla.

6. Toa sindano kabla ya kurudisha kalamu. Ukiiacha, dawa huvuja na hewa huingia.

7. FRIJI. Hapa nilishaua kalamu nzima, kwa hiyo someni polepole. Dawa inataka nyuzi 2 hadi 8 muda wote, hata ikiwa imeshafunguliwa. Usiiegemeze ukuta wa nyuma: friji nyingi zinaganda pale, hasa umeme ukirudi na mota ikakimbia mfululizo. Usiiweke mlangoni, kila anayefuata maji ya kunywa anaipiga joto. Mahali pake ni rafu ya katikati, ndani ya kibakuli chenye mfuniko, na kipimajoto kidogo pembeni. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji. Umeme ukikatika zinashikilia ubaridi, mradi usifungue-fungue. Ukisafiri na deli, barafu ifungwe taulo, isiguse kalamu. Iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

8. Andika tarehe ya kufungua. Siku ya 28 ikipita, tupa hata kama kuna mabaki.

MASWALI

Mjukuu wa Kizota: Ya bibi iliganda usiku, asubuhi ikayeyuka yenyewe. Iko safi kabisa. Tuendelee?

Mwandishi: Namba 7, sentensi ya mwisho.

Mjukuu wa Kizota: Lakini ni ghali mno.

Mwandishi: Ndiyo maana nimeandika aya ndefu. Tupeni.

Kaka wa Kondoa: Nilisahau jana. Leo nichome mbili?

Mwandishi: Hapana. Ukikumbuka siku ileile, choma. Siku ikipita, imepita.

Binti Mpwapwa: Shikamoo. Nimesoma kuwa hii ni homoni ya parathiroidi, na mtu akiwa nayo nyingi mwilini mifupa huliwa. Sasa inajengaje?

Mwandishi: Marahaba binti, swali zuri. Tofauti iko kwenye muda. Homoni ikiwa juu mchana na usiku, seli zinazobomoa mfupa ndizo hutawala. Ikipanda kwa saa chache mara moja kwa siku kisha ikashuka, seli zinazojenga ndizo huamka zaidi. Dawa yenyewe ni amino asidi (vipande vinavyounda protini) 34 za kwanza kati ya 84 za homoni kamili. Na kwa kuwa hupandisha kalsiamu ya damu kwa muda, damu ya kipimo hicho itolewe angalau saa 16 baada ya sindano. Ukichoma jioni, nenda maabara kesho yake mchana. Ukienda saa mbili asubuhi, majibu yatatisha bure. Anayetumia digoksini ya moyo, aliyewahi kuwa na mawe ya figo, au aliyepigwa mionzi kwenye mifupa, amwambie daktari kabla ya kuanza.

Mzee wa Nkuhungu: Mama amemaliza miezi 24. Apumzike?

Mwandishi: Asipumzike kabisa, mzee wangu. Mfupa uliojengwa huanza kupungua ukiachwa bila kulindwa. Muulizeni daktari mapema, kabla kalamu ya mwisho haijaisha, kuhusu dawa ya kuulinda: alendroneti ya vidonge au dripu ya asidi ya zoledroniki. Zote mbili zinataka figo zipimwe kwanza.

Binti Mpwapwa: Sindano zilizotumika mnatupa wapi? Kwetu takataka tunachoma shimoni.

Mwandishi: Galoni gumu la sabuni lenye kifuniko cha kukaza. Likijaa robo tatu, lipelekeni kituo cha afya wanakochoma taka zao.

Kaka wa Kondoa: Na dagaa zinasaidia?

Mwandishi: Wale wakavu, ukiwatafuna na mifupa yao. Loweka kwanza, chumvi ipungue.