Kuchagua Kichujio cha Lenzi ya Pembe Pana

Kabla ya kununua kichujio, yaani kioo kinachofungwa mbele ya lenzi ya kamera, soma kipenyo kilichoandikwa kwenye lenzi kando ya alama ya Ø, kwa mfano milimita 77, kisha uchague chenye fremu nyembamba, kwa kuwa fremu nene hutia giza kwenye pembe za picha. Kichujio cha kinga kiwe cha kioo chenye tabaka za kupunguza uakisi wa mwanga. Kilicho duni ni afadhali kukikosa. Kichujio cha polaraiza, kinachopunguza mwanga unaoakisiwa, kinahitaji tahadhari zaidi: hukoleza anga hasa kwenye nyuzi 90 kutoka lilipo jua, hivyo lenzi ya milimita 16 (huu ni urefu wa fokasi, si kipenyo), inayonasa eneo kubwa la anga, huonyesha utepe mzito wa buluu usiopendeza. Kitumie zaidi kuondoa mng'ao wa maji na majani, wala usikifunge juu ya kile cha kinga.